Saa Nne Hadi Riyadh

Pasipoti haikuonekana, na teksi ilikuwa mlangoni ikinguruma.

Zaitun alishapindua magodoro yote mawili. Alishamwaga kabati, kapu la nguo chafu, hata debe la unga. Nyumba yao ya mtaa wa Mbotela ilikuwa sebule na chumba kimoja tu. Sindano ikianguka humo huonekana. Bintiye, Afnan, alikuwa amepiga magoti akilifungua sanduku kwa mara ya nne, macho mekundu.

Ndege ilikuwa ya saa kumi alasiri. Wakala aliyemtafutia Afnan kazi ya nyumbani alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Anayefika baada ya saa tisa hapokelewi tena uwanjani, na sasa ilikuwa saa nane kasorobo.

"Zaitun," aliita mama yake, Bi Hikma, kutoka kwenye kochi. "Huko Riyadh ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu tatu, mama. Nimeshakwambia."

"Na ndege huchukua muda gani?"

"Saa nne."

Bi Hikma alivuta tasbihi punje mbili tatu. "Saa nne tu. Na Jawahir alipita njia hiyo hiyo?"

Zaitun akaendelea kupekua nguo. Jawahir, mdogo wake, aliondoka miaka sita iliyopita. Alipiga simu miezi miwili, kisha kimya. Lakini Afnan alikuwa amelia wiki nzima aruhusiwe, na Zaitun alichoka kubisha.

Alitamani tu mama yake asaidie kutafuta, badala ya kurudia swali lile lile tangu asubuhi. Lakini leo miguu ilimkataa bibi wa watu. Hata adhuhuri aliiswali pale pale, ameketi.

Wakatafuta upya. Zaitun alimgombeza bintiye kwa uzembe, naye Afnan akaapa kwamba alfajiri pasipoti ilikuwa mkobani. Dereva akapiga honi, akapiga tena, mwishowe akaenda zake. Saa tisa ikapita. Wakala akapiga kusema tiketi imeharibika, kazi amepewa mwingine, na asisumbuliwe tena. Afnan akaingia chumbani akajifungia.

Zaitun akaketi sakafuni katikati ya nguo, unga umemganda mikononi. Hasira ilimjaa, asijue amtupie nani.

Ilipofika saa kumi na robo, Bi Hikma akauliza kwa upole, "Ndege imeshapaa?"

"Imeshapaa, mama."

"Una hakika?"

"Imeenda."

"Basi nishike mkono niinuke, mwanangu. Nimekaa tangu alfajiri."

Zaitun akamvuta. Bi Hikma akasimama wima, bila kuyumba, akaelekea chumbani kwa mjukuu wake. Kochini, pale alipokuwa ameketi, pasipoti ilikuwa ingali na joto.