Kura ya Wanaume wa Kavimvira

"Mwanamuke na bunduki? Yesu wangu!" Vainqueur alicheka mpaka ndoo aliyokuwa amesimama juu yake ikataka kupinduka. "Akiona panya tu, anapanda juu ya kitanda. Leo umupe bunduki, atamupiga nani?"

Wanaume wa Kavimvira waliokuwa wameketi chini ya turubai wakacheka naye. Wengine walicheka kwa sababu ya maneno yake, wengine kwa sababu ya ile ndoo.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Tangu watu wenye silaha waanze kushuka kutoka milimani kuiba mbuzi na kuchoma maduka, mtaa wao, ulio Kongo karibu na mpaka wa Burundi, ulikuwa umejitafutia bunduki chache za kujilinda. Sasa ilibidi waamue nani anastahili kuzibeba, na nani apige kura ya kumchagua komanda. Ukomanda huo Vainqueur aliutaka kuliko chakula. Siku hiyo alikuwa amevaa koti lake la harusi juu ya kaptula ya kulalia, kiatu mguu huu, ndala mguu ule, lakini machoni pake mwenyewe alikuwa jenerali mzima.

"Kura siyo pipi ya kugawia kila mutu," akaendelea. "Kura inatafutwa kwa jasho! Mwenye kubeba bunduki ndiye apige kura. Asiyebeba, aende kupika."

Cyprien, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kukohoa kabla ya kila neno, akainua mkono. "Lakini wamama ndio walichanga franga za kununua masasi ya bunduki. Hata bibi yako wa ndoa, mama Pudentienne, aliuza ndagala wiki nzima..."

"Mwalimu, usinichekeshe! Pudentienne anaweza kugombeza wateja wa samaki, siyo adui. Angalia hapa. Mkutano mkubwa namna hii, unaona mwanamuke hata mumoja? Hakuna! Wako wapi? Wamejifungia mu manyumba, wanatetemeka."

Cyprien akakohoa tena. Kweli, mwanamke hakuwepo hata mmoja. Hata bugali ya mchana ilipikwa na Thierry, kijana wa teksi ya pikipiki, na madonge yake yangeweza kuvunja kioo cha dirisha. Walikuwa wameila hivyo hivyo, kila mmoja akimlaani Thierry kimoyomoyo.

Ndipo Ndayiragije akaingia na sahani ya maharage. Alikuwa Mrundi mpole, na tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akibeba viti, akichota maji na kuwasha moto, bila mtu kumwambia hata asante. Akaweka sahani chini, akauliza kwa adabu, "Na mutu aliyekimbia wakati bunduki zilikuwa zinalia, naye atapiga kura?"

Mmoja akaanza kukuna goti. Mwingine akagundua kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

"Ile haikuwa kukimbia," Thierry akasema hatimaye. "Ilikuwa taktiki."

"Taktiki kabisa!" Vainqueur akadakia, uso umemwiva. "Na weye, Ndayiragije, uko mugeni. Haya ni mambo ya wenye inchi. Mugeni hapigi kura, habebi bunduki, na hakuna mutu alimuomba maswali. Leta chumvi."

Ndayiragije alimtazama kidogo, akatabasamu, akaenda kuleta chumvi.

"Munaona?" Vainqueur akawageukia wenzake. "Ukimuzoea mugeni, kesho atakuonyesha pa kulala. Haya, tupige kura. Anayekubali kwamba kura na bunduki ni za wanaume peke yao, na komanda ni minye Vainqueur, ainue mukono!"

Mikono ikapanda. Ule wa Cyprien ulipanda nusu tu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini ulihesabiwa. Wakapiga makofi, wakaimba, mmoja akapiga mluzi. Vainqueur alijikuta na machozi. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumchagua kwa lolote, hata katika kwaya walimweka nyuma ya ngoma. Alimfikiria Pudentienne, yule mwanamke aliyezoea kumwita mzigo wa nyumba. Ataacha sasa. Atasimama mlangoni, ataita "Komanda", na atapika bugali laini bila kuulizwa.

Ndayiragije akarudi, chumvi mkono mmoja, mkono mwingine simu ya Vainqueur aliyokuwa ameiacha ndani ikichajiwa.

"Komanda," akasema taratibu, "iko mutu anakutafuta. Anapiga kutoka Kongo."

Vainqueur akaitazama namba, akavimba kifua. Akaweka sauti ya juu, ili wote wasikie jinsi mke anavyomlilia mumewe.

"Baba Noella, habari ya huko Burundi?" Ilikuwa sauti ya Pudentienne, na nyuma yake wanawake wengi walikuwa wakicheka. "Musalimie mwenye nyumba, Ndayiragije, mumwambie asante kwa kuwalisha. Zile bunduki mulitupa mu mufereji mukikimbia, tuliziokota zote. Wale batu tumewarudisha ku mulima. Tukapiga kura, na komanda ni minye. Sasa munaweza kurudi. Ila mukivuka mupaka, mutembee polepole, mikono juu, na muimbe kwa nguvu: wamama wenye kulinda bariyeri wangali wanajifunza kulenga."