Maji Yaliyopitisha Umeme

Fundi wa mashine za kusafisha damu alitumbukiza kipimo kwenye maji, akashtuka. Maji yaliyochujwa vizuri karibu hayapitishi umeme kabisa, lakini haya yaliupitisha kama ya bombani. Chujio lilikuwa limeachia chumvi ipite.

Wagonjwa wanne walishalala vitandani, tayari kuunganishwa na mashine. Muuguzi alikuwa ameshika mpira wa kupitishia damu wa yule wa kwanza, mama yake fundi, ambaye miguu ilimvimba hata ukiibonyeza shimo linabaki.

"Subiri, dada. Maji ni mabaya, yatawaua."

"Hicho kipimo chako kimezeeka. Mama alikosa kusafishwa damu juzi. Akikosa na leo, atatufia mikononi."

Fundi akakifuta kipimo, akakitumbukiza tena. Namba ikarudi ileile.

"Mwanangu," mama akasema kwa kuhema, "wewe ndiye unayejua. Sema tu."

Fundi akazima mashine zote nne.

"Ita gari. Wote waende hospitali nyingine."

"Ni mwendo wa saa mbili! Mama atafika?"

Fundi alikuwa ameshachuchumaa kando ya kitanda, amempa mama mgongo.

"Panda, mama, nikupeleke garini. Nishike shingoni."