Mfarishi wa Bi Maleka

"Fumua," alisema Bi Maleka, akautupa mfarishi miguuni pa mke wa mwanawe. "Wote. Kisha ufue, uanze upya."

Khursheed alikuwa ameshajitanda ushungi, kikapu mkononi, aende sokoni kama kawaida ili mama mkwe asishuku kitu. Jana yake Zein, karani wa bandari ya Kilindini, alimsomea barua mlangoni kwa sauti ya chini: meli aliyofanyia kazi mumewe Ghulam ilizamishwa vitani, na Ghulam hakuokolewa. Daktari alikwisha kuonya kwamba moyo wa Bi Maleka hauwezi habari nzito. Basi Khursheed alilia chooni, akanawa uso, akatoka akiuliza kama chai imechemka.

"Sokoni ataenda Kache," bibi akaendelea. Kache ndiye mpishi wao. "Wewe hutoki mpaka kazi iishe. Bangili vua, zinakwaruza nyuzi. Marashi usijipake, yatashika kwenye pamba. Na uvae kuukuu."

Haya, akakaa. Mfarishi wenyewe ulikuwa wa viraka vya nguo za ukoo mzima, tabaka juu ya tabaka, ukilowa haubebeki na mtu mmoja. Akafumua, akafua kwa magadi, akaanika uani, akachambua pamba, akashona. Bi Maleka alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini vidole vyake havikusamehe. Anapapasa mstari mmoja tu.

"Umepinda. Fumua."

Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanamke wa watu alichoka mpaka akawa hasikii tena sindano ikimchoma. Mawifi walikuja kutoka Tononoka kumwalika harusini, bibi akamjibia. "Haendi. Mfarishi haujaisha."

"Mpumzishe hata siku moja, mama," Kache alisema.

"Wewe tazama chungu chako."

Khursheed alimchukia, wala hakuona haya kumchukia. Mume kafa hana kaburi, yeye mwenyewe hakupata hata siku moja ya kukaa msibani, na huyu mama anamkalisha chini na matambara. Na huyo mwanawe, toka ile barua ije, hajamtaja hata kwa bahati mbaya. Mzazi gani huyu?

Alasiri moja akampelekea tena. Mshono ulikuwa uleule wa siku zote, tena siku hiyo mkono ulikuwa umechoka zaidi. Akakaa akingoja neno lile lile. Vidole vya bibi vilipita mara moja.

"Umenyooka," alisema Bi Maleka.

Khursheed akaanza kuukunja mfarishi, bibi akamzuia.

"Nenda ukaoge, mwanangu, ubadili nguo. Miezi minne na siku kumi imetimia, eda yako imekwisha. Barua ile niliisikia ikisomwa." Akampapasa mkono. "Kisha uje hapa unisaidie kumlilia."