Ua Lililokatwa

Siku ya uchumba, shangazi yake Nyamizi alikata doti ya kanga, mkasi ukateleza katikati ya ua. Kipande kimoja kilipelekwa machimboni kwa Lugembe, mchumba ambaye Nyamizi hakuwahi kumwona. Leo alimfuata na kipande cha pili.

Mlangoni alimkuta mwanamke akipika, amejifunga kanga mpya ya maua yaleyale. Hata paka wa pale alikuwa amemzoea mwanamke huyo.

"Karibu, dada," mwanamke huyo akasema. "Mimi Nyamizi, mchumba wa Lugembe."

"Nyamizi ni mimi!" mgeni akamaka.

Lugembe alitoka ndani akicheka. "Jamani, mnanigombania?"

Nyamizi alichomoa pazia la mlango, kile kipande alichopelekewa Lugembe, akakiunganisha na chake. Ua likakamilika.

Yule mwanamke akamnyooshea Lugembe mwiko aonje mchuzi. Naye, macho kwenye ua, akafungua mdomo kuupokea.