Chiriku Aliyemwonea Donge Fuko

Katika chuo cha wanyama walisoma kwa makundi. Muhula mmoja Mhadhiri Korongo aliwaweka pamoja Chiriku wa mitini, Kiboko wa mtoni na Fuko wa chini ya ardhi, wachunguze kwa nini nchi inakauka.

Chiriku alisema sana. Fuko aliuliza tu, "Na kwenu je, mwenzangu?" na Kiboko akawa hamalizi kumsimulia, kisha naye akamuuliza Fuko ya kwao. Chiriku akaona donge.

"Huyu hata jua halijui, ndiye anayependwa?"

Akaiandika kazi yote mwenyewe. Fuko akaachiwa kufuta ubao.

Siku ya kuwasilisha, Chiriku alisimama kifua mbele. Korongo akamkatiza.

"Leo kila mmoja aeleze alichojifunza kwa mwenzake."

Fuko akaeleza jinsi mto wa kina Kiboko ulivyopungua. Kiboko akaeleza mizizi inavyokufa kule chini kwa kina Fuko.

"Fuko hakuniambia kitu!" akalalamika Chiriku.

"Ulimuuliza?" akasema Korongo.

Mpaka leo chiriku hupiga kelele kutwa nzima. Wasikilize vizuri: hamna swali hata moja.