Pamba Iliyokataa Kuota

Kifuniko cha chungu kilikuwa kikigonga gizani, tak, tak, tak, mvuke ukikisukuma kutoka ndani. Théophile aligeuka kitandani. Yeye ndiye katekista wa kijiji, mpiga kengele ya sala ya alfajiri, na siku ya nne mfululizo chungu cha mke wake kilikuwa kimemtangulia kuamka.

"Marcelline, maharagwe tena?"

"Ya wagonjwa wa misioni, baba Faida. Lala kidogo."

Hakulala. Alipapasa njia kati ya magunia ya mbegu ya pamba yaliyojaa nusu ya nyumba. Muzungu wa pamba kutoka Kasongo aliyaweka kwake kwa sababu katekista halimi pamba ya lazima ya serikali, basi hana sababu ya kuichukia. Pembeni ya magunia alilala Faida, binti yao wa miaka sita, medali ya katekisimu shingoni.

Marcelline alikuwa amechuchumaa mbele ya moto.

"Wanasema ng'ambo ya mto Lwama pamba ilikataa kuota miaka miwili," alisema. "Muzungu akachoka, akawaachia walime muhogo na mupunga. Watoto wao wanashiba sasa. Ni Mungu aliizuia?"

"Hakuna mbegu inayoota bila Mungu kutaka."

"Na akitaka kuzuia, anatumia mikono ya mutu?"

"Hayo ni maulizo ya wapagani. Mutu iko na hiari yake. Akitenda dhambi ni yake, asimubebeshe Mungu. Leta maji ninawe."

Alileta maji. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa mvuke. Théophile alimhurumia, akajisifu pia moyoni kwa kuoa mke mwenye huruma kiasi kile.

Jumapili aligawa mbegu, kila nyumba kipimo chake. Mvua ilinyesha vizuri. Wiki tatu zikapita, na mashamba yote yakabaki meusi, bila jani hata moja.

Théophile alifurahi, ingawa asingekubali kusema hivyo. Sasa alikuwa na hubiri.

"Mungu ameifunga hii ardhi!" alinguruma katika kapela. "Kwa pombe yenu! Kwa ngoma zenu za usiku!"

Sidonie akasimama katikati ya wanawake. Mume wake, Gérard, alichapwa fimbo mwaka uliopita kwa kulima shamba dogo la pamba, na tangu siku ile alikohoa damu.

"Katekista, Mungu alijua kama pamba yangu haitaota?"

"Alijua."

"Mbele sijazaliwa?"

"Mbele ya dunia kuumbwa."

"Basi ile fimbo wamupelekee Yeye. Mimi nilipanda tu kile uliniletea."

Watu walicheka. Théophile alihisi masikio yakiwaka moto.

"Kujua si kusukuma! Mungu anajua, mutu anachagua. Wewe ulichagua!"

"Na wewe, baba, ulichagua nini? Kulima kwa mudomo? Angalia vidole vyako, laini kama vya mutoto wa jana."

Hilo hakulisahau.

Muzungu wa pamba alifika Alhamisi na polisi wawili. Alifukua mbegu katika shamba la Sidonie, akaipasua kwa kisu, akainusa. Akafukua nyingine. Kisha akakusanya kijiji kizima uwanjani, akasema kwa Kiswahili chake kigumu:

"Hii imepikwa. Nani alipika?"



Théophile akasogea mbele, akamnyooshea Sidonie kidole. "Bwana, mwanamke mwenye kinywa cha kumpinga Mungu ni huyu. Na chungu kina nyumba, na nyumba iko na bwana wake. Yule mwenye nyumba ajibu kwa mugongo wake."

"Vizuri," alisema muzungu. "Fimbo nane. Kisha jela ya Kasongo."

Polisi wakamvua Gérard shati. Makovu ya mwaka jana yalikuwa bado mekundu. Hata asiyejua kitu aliona kwamba mgongo ule usingefika fimbo ya nane.

Sidonie alipiga magoti. "Nilizipanda vile nilizipokea! Théophile, apa! Apa mbele ya watu kama zilitoka kwako zikiwa mbichi!"

Marcelline alikuwa ameshapenya katikati ya wanawake. "Baba Faida, niache niseme..."

Théophile alimzuia kwa mkono. "Huruma yako baadaye, mama. Hapa ni haki."

Akainua rozari yake juu. "Ninaapa mbele ya Mungu muweza wa yote! Zilitoka kwangu nzima. Kama ninadanganya, fimbo hizi ziwe zangu." Kisha, kwa sababu uso wa Sidonie haukubadilika hata kidogo, na kwa sababu vile vidole laini vilikuwa bado vinamuuma rohoni, akatafuta kitu cha kumfunga mdomo kabisa. "Faida! Njoo hapa."

"Mutoto muache," alisema Marcelline. "Théophile, ninakuomba. Muache, niulize mimi."

"Mutoto huyu alilala pembeni ya yale magunia. Anajua amri kumi, uongo haujui." Akamshika binti yake begani, akamgeuza amtazame muzungu. "Usiogope, mwanangu. Mungu anaona yote. Mbegu zetu zilitoka nyumbani namna gani? Sema kwa sauti, kila mutu asikie."

Faida alimtazama mama yake, akamtazama baba yake. Vidole vyake vikaishika medali.

"Mama alizipika zote."