Kinachojibu Nyumbani Kwetu

Siku hizi kila nyumba lazima iwe na seva yake ya kuijibia: salamu, rambirambi, maswali ya shule, yote. Nyumba ikikaa kimya siku kumi, inafutwa kwenye orodha ya mtaa na maji yanakatwa. Yetu ilikuwa siku ya tisa inakataa kuwaka. Nilikuwa nimeizima na kuiwasha mpaka kidole kimeota sugu.

Fundi Mwantumu hakugusa hata swichi. Alivua viatu, akakaa mkekani, akafungua kumbukumbu za seva na kuzisoma mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Nilitamani kumpigia makofi. Mafundi wawili waliomtangulia walitaka tu ninunue mpya.

"Seva yako ni nzima, dada," alisema. "Inakataa kuwaka kwa sababu nafasi yake imekaliwa. Kuna programu nyingine humu, inajibu kwa jina lenu tangu siku ya kwanza seva ilipogoma."

"Inajibu nini?"

Akanigeuzia kioo. Ilikuwa imewapa pole jirani zetu waliofiwa, vizuri kuliko mimi. Ilikuwa imemwomba radhi dada yangu Stumai, kwa maneno yaliyonikwama kooni miaka sita. Ndipo nikaelewa kwa nini jana Stumai alinipigia simu akilia, akasema Jumapili anakuja.

"Imetoka wapi?"

"Hilo sijui bado. Ila kuiondoa ni dakika moja." Kidole chake kilikuwa tayari. "Niiondoe?"

Nikamuuliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.